Heri swichi inayokataa

Jumamosi moja usiku nilisasisha programu ya swichi sita, vile vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao, za taasisi moja hapa Dar es Salaam nikiwa nyumbani, kompyuta mezani na kikombe cha chai kando. Nilifanya kama nilivyozoea. Nikapakia faili jipya, nikahakikisha halikuharibika njiani, nikaziwasha upya moja baada ya nyingine. Kila moja ilipoitika ping, ujumbe wa kuuliza kama kifaa kiko hai, niliingia kwa SSH, njia ya kukiendesha kifaa kutoka mbali, nikatazama namba ya toleo, nikaona poti, yaani matundu ya nyaya, ziko juu, nikahifadhi usanidi, yaani mipangilio yake, nikahamia inayofuata. Saa saba usiku nikalala.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu zikaanza. Wahasibu hawapati mtandao. Masjala hawapati. Wanafunzi waliokuja kulipia ada wamepanga foleni hadi nje ya jengo. Nyaya zilikuwa nzima na swichi zilikuwa zinawaka, lakini kila kompyuta iliyowashwa asubuhi ile ilizuiwa kwenye poti yake.

Ilinichukua saa mbili kupata sababu. Katika usanidi wa zamani kulikuwa na mistari miwili iliyoiambia swichi seva ya kuthibitisha watumiaji iko kwenye anwani gani na siri ya kutambuana nayo ni ipi. Toleo jipya lilitaka mistari hiyo iandikwe kwa mtindo mwingine. Swichi ilipokuwa inawaka ilisoma usanidi mstari kwa mstari, ikaikuta ile miwili, ikaikataa, ikaendelea na iliyobaki. Ilisema kwamba imeikataa, ila ilisemea kwenye konsoli, tundu la kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye swichi, ndani ya chumba cha vifaa chini ya ngazi, usiku, pasipo na mtu. Nami nilipohifadhi, niliandika usanidi uliokwisha kupungua juu ya ule uliokuwa kamili. Hiyo miwili nikaifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Niliipata tena kwenye barua pepe ya miezi minane nyuma, kwa sababu tu siku hiyo nilikuwa nimemtumia mwenzangu nakala.

Jioni yake nilikwenda na kebo ya konsoli, nikaweka usanidi wa zamani kwenye swichi moja ya akiba na kuiwasha ili nione kwa macho. Mistari ilipita mbio. Kisha ikatokea ile alama ndogo ya kofia, imekaa chini ya herufi ya kwanza ya neno lisiloeleweka, na sentensi fupi ya kosa pembeni. Ilikaa kwenye skrini kama sekunde mbili, ikasukumwa juu na mistari mingine. Hizo sekunde mbili ndizo zilikuwa onyo lote.

Tangu hapo natazama mabadiliko ya amri, maneno tunayoiandikia swichi, kwa jicho jingine. Mafundi wengi hulalamikia majina: jana amri iliitwa hivi, leo inaitwa vile, vidole havijui viandike nini. Lalamiko hilo nalielewa, lakini jina kubadilika ni usumbufu wa wiki moja. Kinachoangusha mitandao ni badiliko lisilotoa sauti, au linalotoa sauti mahali pasipo na msikilizaji.

Chukua kistari. Kwenye swichi za Catalyst za kampuni ya Cisco, jedwali la anwani za MAC, namba zinazotambulisha kila kifaa kilichounganishwa, lilikuwa likitazamwa kwa `show mac-address-table`. Kuanzia toleo la 12.1(11)EA1 la IOS, programu inayoziendesha, kistari cha kwanza kikaondolewa, ikawa `show mac address-table`. Familia za Catalyst 4500 na 6500 zikabaki na kistari chao kwa muda. Kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini hilo si tatizo: unaandika, unakataliwa, unarudi nyuma, unaweka nafasi mahali pa kistari, umemaliza. Kwa skripti, programu ndogo inayoandika amri yenyewe, ni habari nyingine. Skripti inayozunguka usiku ikiuliza swichi hamsini swali moja itapata majibu kwenye arobaini, na kwenye kumi itapata kosa. Kama aliyeiandika hakuifundisha kutambua kosa, itahesabu kwamba swichi hizo kumi hazina kifaa hata kimoja kilichounganishwa, na asubuhi meneja atasoma ripoti hiyo akaiamini.

Linganisha na `write memory`. Ni amri ya enzi za mwanzo kabisa za IOS. Njia rasmi ya kuhifadhi imekuwa `copy running-config startup-config` kwa miongo kadhaa sasa, lakini ukiandika `wr` kwenye swichi ya Catalyst ya leo bado inaitikia na kufanya kile kile. Huu ndio mfano wa uungwana ninaoutaka. Mlango mpya ulifunguliwa, wa zamani haukufungwa, hakuna aliyepoteza kitu. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo, kwenye swichi zake za Nexus zenye NX-OS, haikuuweka mlango huo. Anayeutaka hutengeneza jina la mkato mwenyewe.

Kwa nini amri zibadilike, hata hivyo? Mara nyingi watu hudhani ni wahandisi wa ng'ambo wanaojifurahisha. Sababu halisi huwa ndani ya programu. Cisco haikuanza kwa kutengeneza swichi, ilizinunua. Mwaka 1993 ilinunua Crescendo Communications, 1994 ikanunua Kalpana, 1995 ikanunua Grand Junction, na kila moja ilikuja na programu yake na namna yake ya kuamrishwa. Swichi zilizotokana na Crescendo ziliendeshwa na CatOS, ambako kuweka poti kwenye VLAN ya 10 (VLAN ni kipande cha mtandao kilichotengwa na vingine) uliandika `set vlan 10 3/1`. Ruta za Cisco, vifaa vinavyounganisha mtandao mmoja na mwingine, zilizungumza IOS, ambako unaingia kwanza kwenye poti ndipo unasema `switchport access vlan 10`. Kuunganisha dunia hizo mbili kulichukua miaka. Na tofauti kubwa haikuwa kwenye maneno. CatOS ilihifadhi kila badiliko papo hapo; IOS husubiri uiambie ihifadhi. Fundi aliyezoea ya kwanza akahamia ya pili angeweza kufanya kazi ya siku nzima, kila kitu kikaenda sawa, umeme ukakatika usiku, na asubuhi akakuta swichi imerudi ilivyokuwa jana. Hakuna amri iliyokataliwa hapo, wala neno lililobadilika maana. Kilichobadilika ni tabia ambayo haikuandikwa kwenye mstari wowote.

Neno moja nalo linaweza kugeuka chini ya miguu yako bila kubadilika hata herufi. Kwenye swichi za HP za ProVision, ambazo baadaye zikawa za Aruba, `trunk` maana yake ni kufunga nyaya mbili au zaidi zifanye kazi kama moja. Katika AOS-CX, programu mpya ya nyumba hiyo hiyo iliyotoka mwaka 2017, kufunga nyaya huitwa `lag`, na neno `trunk` limehamia kwenye `vlan trunk`, yaani poti inayobeba VLAN nyingi, kama wanavyolitumia Cisco. Zaidi ya hapo, zamani uliingia kwenye VLAN ukataja poti zake. Sasa unaingia kwenye poti ukataja VLAN yake. Fundi wa ProVision anayesoma usanidi wa AOS-CX kwa haraka ataona neno analolijua na atadhani ameelewa. Neno geni lingemfanya asimame aulize.

Juniper, kampuni nyingine ya vifaa vya mtandao, walibadilisha mengi zaidi, na bado nawasifu kuliko wengine. Walipotoa swichi ya EX4300 mwaka 2013 walikuja na mtindo mpya wa usanidi wa tabaka la pili, yaani mambo ya poti na VLAN, walioupa jina ELS. `port-mode` ikawa `interface-mode`. Kiolesura cha VLAN kilichokuwa `vlan.100` kikawa `irb.100`. `native-vlan-id` ikapandishwa kutoka ndani ya familia ya swichi ikawekwa kwenye poti yenyewe. Tawi zima la `ethernet-switching-options` likavunjwa na vipande vyake kugawanywa kwingine. Na swichi za zamani kama EX2200 na EX4200 zikabaki na mtindo wa zamani, kwa hiyo ofisi moja yenye Junos, programu ya Juniper, kila mahali ilijikuta na Junos mbili.

Kwa nini basi nawasifu? Kwa sababu ya namna Junos inavyopokea maneno. Unachoandika hakianzi kufanya kazi papo hapo. Kinakaa pembeni kama rasimu mpaka useme `commit`. Rasimu ikiwa na kosa, `commit` inakataa yote, na mtandao unaendelea na usanidi wa jana. Ukiwa na wasiwasi unaandika `commit confirmed`, na usipothibitisha ndani ya dakika kumi swichi inarudi yenyewe ilikotoka. Kwa hiyo aliyebandika usanidi wa EX4200 kwenye EX4300 aliambiwa hapo hapo, yeye mwenyewe, kwenye skrini aliyokuwa anaitazama, kabla poti hata moja haijaguswa. Alikasirika, bila shaka. Lakini Jumatatu yake haikuwa kama yangu.

Sasa nije kwenye mfano unaonitia hofu kuliko yote. Swichi za Catalyst 3560 na 3750 zilikuwa na `mls qos`, amri ya ubora wa huduma, yaani ya kuamua pakiti zipi za data zipite kwanza. Ukiiwasha, kila poti inachukuliwa kuwa haiaminiki: pakiti ikiingia na alama ya DSCP inayodai ipewe kipaumbele, swichi inaifuta alama hiyo na kuandika sifuri, mpaka uende kwenye poti husika na kusema `mls qos trust dscp`. Ilipokuja Catalyst 3850, ikiendeshwa na IOS XE, kizazi kipya cha IOS, familia nzima ya amri za `mls qos` haikuwepo tena. Sera za ubora wa huduma zikaandikwa kwa `class-map` na `policy-map`, na poti za waya zikawa zinaamini alama za pakiti kwa chaguo-msingi.

Fikiria fundi anayehamisha usanidi kutoka 3750 kwenda 3850. Anaubandika. Kila mstari wenye `mls qos` unakataliwa. Anaifuta yote, anabandika tena, safari hii hakuna kosa, anashukuru Mungu na kufunga kabati. Hajui kwamba amebadilisha msimamo wa mtandao mzima. Jana swichi haikumwamini yeyote ila aliyetajwa kwa jina. Leo inamwamini kila anayeingia.

Kwa wiki kadhaa huenda lisionekane lolote. Halafu kwenye jengo hilo kuna kamera za ulinzi ambazo aliyezifunga alizipa alama ya 46, ile ile inayotumiwa na simu za mtandao, kwa kuwa alitaka picha zisikwamekwame. Swichi ya zamani ilikuwa ikiifuta alama hiyo kimya kimya kwa miaka. Mpya inaipitisha. Picha za kamera ishirini zinafika kwenye ruta ya kutokea nje zikiwa na hadhi ya sauti, zinajaza nafasi ndogo iliyotengewa simu, na kila laini inapobanana simu za wafanyakazi zinaanza kukatikakatika. Wataita kampuni ya simu. Watabadilisha vifaa vya masikioni. Watalaumu laini ya intaneti. Nani atakwenda kuangalia mstari uliofutwa mwezi uliopita kwa sababu swichi ilisema haiujui?

Ndiyo maana nasema heri swichi inayokataa, lakini kukataa peke yake hakutoshi. Mstari uliokataliwa ni swali: kazi uliyokuwa ukiifanya, sasa nani anaifanya? Ukiufagia kama takataka umelitupa swali pamoja na jibu lake.

Na kuna nyakati amri ya kinga yenyewe inapotea. Mwaka 2018 wengi waliijua `no vstack`, amri ya kuzima Smart Install, huduma ya Cisco iliyokusudiwa kurahisisha kufunga swichi mpya. Huduma hiyo husikiliza kwenye poti ya TCP 4786, haiulizi nenosiri, na kwenye swichi nyingi ilikuwa imewashwa tangu kiwandani. Tarehe 6 Aprili mwaka huo wavamizi waliitumia kufuta usanidi wa swichi katika nchi kadhaa. Nchini Iran waliacha picha ya bendera ya Marekani, na wizara ya mawasiliano ya huko ilitaja vifaa takribani 200,000 duniani na 3,500 ndani ya nchi yao. Ushauri ulikuwa mwepesi: andika `no vstack`, hifadhi, lala. Lakini Cisco wenyewe walikuwa wametangaza kwamba katika baadhi ya matoleo ya programu, yakiwemo ya familia za 4500 na 6500, amri hiyo haikudumu baada ya kuwasha upya. Mtu alifunga dirisha, akahakikisha limefungwa, umeme ukakatika na kurudi, dirisha likawa wazi. Tiba ikawa kubadilisha toleo au kuizuia poti 4786 kwa orodha ya ruhusa. Kila nikisoma maelezo ya toleo jipya naikumbuka `no vstack`, na siangalii tena kama amri imekubaliwa tu. Naangalia kama bado ipo baada ya kuzima na kuwasha.

Kuna wanaoonya mapema, na niwape haki yao. IOS XE ya miaka ya karibuni, ukiweka nenosiri lisilofichwa, inakuambia kwamba aina hiyo itaondolewa na kukuhimiza uhamie inayokubalika. Ni jambo zuri. Udhaifu wake ni kwamba neno "karibuni" likirudiwa toleo hadi toleo bila tarehe, macho huzoea kulipita. Onyo lenye namba ya toleo ambalo amri itakufa lingefanya kazi zaidi. Upande mwingine Cisco hao hao wanabadilisha bila kupumzika: kwenye 3850 moja hiyo hiyo, amri ya kusasisha programu ilianza kuwa `software install`, ikawa `request platform software package install`, ikaishia `install add file`. Yaani hata amri ya kufikia toleo jipya inategemea uko toleo gani, na mwongozo ulioandika mwaka juzi huwezi kumpa kijana leo ukalala.

Wahusika wamelijua hili muda mrefu. Juni 2002 bodi ya usanifu wa intaneti, IAB, iliwakutanisha waendeshaji wa mitandao na watunga viwango, na ripoti yake ya mwaka 2003, RFC 3535, inaeleza wazi kwamba amri za kuandikwa hazina udhibiti mzuri wa matoleo, kwa hiyo programu zinazozitegemea ni kazi ngumu kuzitunza na ni rahisi kukosea. Kutokana na mazungumzo hayo ikaja NETCONF mwaka 2006, na YANG mwaka 2010, ili mashine iongee na mashine kwa muundo unaojulikana badala ya kusoma maandishi ya skrini. Kwa kampuni kubwa za mawasiliano hilo limesaidia. Kwa hospitali ya wilaya yenye swichi nne na kijana mmoja wa TEHAMA ambaye pia ndiye anayetengeneza printa, bado kila kitu ni kuandika kwa mkono, na mengi yanatoka kwenye daftari la aliyemtangulia.

Huko ndiko gharama inakoangukia. Swichi nyingi zinazofungwa huku ni mitumba, zimefika na toleo la miaka mingi nyuma, hazina mkataba wa msaada, na hakuna ya pili ya kufanyia jaribio. Siku ya kusasisha, fundi anaruka matoleo mengi kwa mara moja, na kila badiliko ambalo mwenzake wa kwingine alilimeza kidogo kidogo kwa miaka yeye analipokea lote usiku mmoja. Vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo wanakuja na noti safi za amri, wamezikariri vizuri. Siwaambii wazitupe. Nawaonyesha alama ya kofia, nawaambia wasome neno lililo juu yake kabla ya kugusa kitufe chochote.

Kazini kwangu sasa hakuna anayehifadhi baada ya kusasisha mpaka usanidi mbili zimelinganishwa. Kabla ya kuzima tunatoa nakala nje ya swichi. Ikishawaka, kwenye zile za IOS tunaandika `show archive config differences nvram:startup-config system:running-config`, na tunaisoma orodha watu wawili, mmoja anataja kwa sauti, mwingine anasema kazi ya mstari huo imehamia wapi. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa swichi. Kwa swichi sita za usiku ule ingekuwa saa moja na nusu.

Kwa watengenezaji wote, bila kumtoa yeyote, nina ombi moja, na sioni ugumu wake. Swichi inapowaka na toleo jipya inajua hasa mistari gani imeikataa. Iihesabu. Mtu wa kwanza atakayeingia, hata kwa SSH, hata kutoka upande wa pili wa dunia, akutane na hesabu hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Na akijaribu kuhifadhi, swichi imwonyeshe mistari anayokaribia kuipoteza, isubiri aandike ndiyo.